Nani anataka kiti, nani anataka jambo: chama cha siasa na wengine wanaoisukuma serikali

Tuseme Halmashauri ya Jiji la Tanga imepandisha ushuru wa samaki. Ni mfano tu, lakini hauko mbali na maisha ya soko la Deep Sea. Wa kwanza kulalamika watakuwa wachuuzi na kina mama wakaanga samaki, maana wananunua mnadani asubuhi na kuuza jioni kwa faida nyembamba. Itafuata barua ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi ufukweni. Ushirika wa wavuvi utaomba kuonana na mkurugenzi. Shirika lisilo la kiserikali litaita semina ya siku mbili kule Raskazone, chai na posho juu yao. Imamu atagusia dhuluma katika hotuba ya Ijumaa bila kumtaja mtu. Na yule aliyegombea udiwani akashindwa atapanda jukwaani uwanja wa Tangamano kueleza kwamba angechaguliwa yeye, haya yasingetokea.

Wote wanataka ushuru ushuke, na wote wanaelekeza maneno yao kwenye jengo lilelile. Ndiyo maana barazani, kahawa ikimiminwa, wanatiwa kapu moja linaloitwa siasa. Ofisa akibanwa na maswali ya wavuvi naye hujikinga humohumo: "Jamani, msilete siasa hapa." Lakini katika msururu ule ni mmoja tu anayefanya kazi ya chama cha siasa. Wengine wanafanya kazi nyingine kabisa, na ukiwachanganya hutajua umwombe nani nini, wala umlaumu nani kwa lipi.

Kwanza tuondoe vipimo visivyopima kitu. Ukubwa hausemi lolote. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200, wenye sifa ya kupiga kura, katika kila mkoa kati ya mikoa isiyopungua kumi, na miwili kati ya hiyo iwe ya Zanzibar, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Jumla yake ni watu 2,000. Chama cha Walimu Tanzania kinawazidi hao mara nyingi sana, kimeenea hadi shule za mwisho kabisa za Mkinga na Kilindi, na si chama cha siasa. Kelele nayo si kipimo. Wenye nguvu kubwa mara nyingi ni wale usiowasikia. Kadi, katiba, bendera, mwenyekiti, mweka hazina? Hata klabu ya soka ya Coastal Union inavyo vyote hivyo, na ugomvi wa uongozi juu yake.

Kinachotenganisha ni hiki: chama cha siasa kinataka kushika madaraka kwa jina lake. Kinamsimamisha mtu, kinaweka nembo yake kwenye karatasi ya kura, na kikishinda kinakaa kwenye kiti na kutia saini. Kikundi cha shinikizo kinamtaka aliyekaa kwenye kiti atie saini ya aina fulani. Hakikihitaji kiti chenyewe.

Maneno hayo yanaonekana mepesi, ila yana uzito yakifuatwa hadi mwisho. Chama kikishika baraza la madiwani hakiwezi kusema kimekuja kwa ajili ya samaki peke yake. Kikishusha ushuru wa Deep Sea lazima kiseme fedha ya dawa za zahanati itatoka wapi, na mtaro wa Makorora utazibuliwa kwa fedha gani. Ushirika wa wavuvi haulazimiki kujibu hilo. Unaweza kudai ushuru ushuke na kwenda zako nyumbani. Hesabu iliyobaki ni ya mwenye kiti. Ni uhuru mkubwa huo, na kwa maoni yangu ndio pia ukomo wake: asiyewajibika kwa bajeti nzima hana budi kusikilizwa kama mtu anayejua upande mmoja wa jambo. Anaujua vizuri kuliko yeyote, lakini ni upande mmoja.

Jambo lingine ni muda. Kikundi hakina haja ya kumwondoa mtawala ili kipate kinachotaka, kwa hiyo kinaweza kuzungumza na yeyote. Mwaka 2015 jimbo la Tanga Mjini lilipompeleka bungeni mbunge wa CUF, chama cha upinzani, walimu wa jiji hawakubadili chama chao cha walimu. Walichobadili ni mlango wa kubisha hodi. Chama cha siasa hakina nafasi hiyo, kwa kuwa mafanikio yake yanaanzia pale mwenzake anaposhindwa. Ndiyo sababu naona viongozi wa vikundi wanaojifunga kwa chama kimoja, hata chama tawala, wanauza mali isiyo yao. Mwaka wa kwanza watapata kikao na mheshimiwa na picha ya pamoja. Baada ya hapo kura zao zinajulikana ziliko, na dai lao halina tena cha kubadilishana.

Sheria zetu zimeuchora mpaka huu kwa wino mzito. Ukitaka chama cha siasa unakwenda kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, unapewa usajili wa muda wa siku 180, kisha unatafuta wanachama wako katika mikoa kumi. Shirika lisilo la kiserikali linakwenda kwa msajili wake chini ya sheria ya 2002, ambayo inalitaka lisiwe na upande wa chama. Chama cha wafanyakazi kina msajili wake chini ya sheria ya ajira ya 2004. Jumuiya za dini ziko Wizara ya Mambo ya Ndani. Ushirika una Mrajis. Wavuvi wa Tanga wakitaka kuanzisha ushirika wao peke yao, wa Tanga peke yake, ruhusa ipo. Wakitaka kuanzisha chama cha siasa cha wavuvi wa Tanga watakwama mapema, kwa kuwa sheria haisajili chama kinachotetea eneo moja, kabila au dini, wala kinachofanya siasa zake upande mmoja tu wa Muungano. Dini inaruhusiwa kuisema serikali, kama Maaskofu Katoliki walivyofanya katika waraka wao wa Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari. Kugombea serikali kwa jina la dini hairuhusiwi.

Halafu kuna kufuli ambalo majirani zetu wengi hawana. Katiba ya 1977, ibara ya 39 na ya 67, inamtaka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Hakuna mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hoja hii kwa miaka mingi. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuziba mwanya. Akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Mtikila alifariki 2015 likiwa bado lipo.

Matokeo yake yanafika hadi mtaani. Mvuvi anayeheshimika, aliyesimamia vita dhidi ya mabomu ya kuvulia miaka yote, hawezi kusema "nimesukuma vya kutosha, sasa nagombea" bila kupita kwenye mchujo wa chama fulani. Na mbunge akipoteza uanachama wake anapoteza na ubunge. Vyama vyetu, kwa hiyo, ni wagombea na ni walinzi wa lango kwa wakati mmoja. Binafsi naona hapa ndipo mchanganyiko wetu mwingi unapotokea: mtu mwenye jambo moja analazimika kuvaa sare ya chama chenye mambo mia, halafu tunashangaa anapopotelea humo.

Lakini sheria haielezi yote. Wazee wa Ngamiani wanaosema "vyote hivyo ni chama tu" hawajakosea kumbukumbu, kwa sababu kuna wakati ilikuwa hivyo kweli.

Kabla ya kuwepo chama cha siasa chenye nguvu, Tanga ilikuwa na kikundi cha shinikizo cha kupigiwa mfano: Umoja wa Wakulima wa Mkonge wa Tanganyika. Miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia enzi ya Mwingereza zao hilo lilikuwa uti wa mgongo wa uchumi wa koloni. Wenye mashamba hawakuhitaji kura ya mtu. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa 1926, wajumbe wasio maofisa waliteuliwa na gavana, na masetla na wafanyabiashara walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1944 umoja huo uliunda SILABU, ofisi iliyokusanya manamba, yaani vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma, Songea na hata nje ya mipaka, ikawaleta kwa treni na malori hadi kwenye makambi ya Tanga. Leo mji una wajukuu wao. Umoja ule haukusimamisha mgombea kwa jina lake wala kufanya mkutano wa hadhara Tangamano. Ulimfuata aliyeshika kalamu. Kalamu ilipobadili mkono mwaka 1961, nguvu yake ikaanza kuyeyuka, na 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa. Huo ndio udhaifu wa kutegemea sikio la mtawala mmoja.

Upande wa Waafrika kulikuwa na chama cha TAA (Tanganyika African Association), kilichozaliwa 1929 kwa jina la African Association. Kwa miaka mingi kilikuwa kikundi cha shinikizo: kiliandika maombi, kilituma ujumbe kwa gavana, kilidai shule na uwakilishi. Tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa TANU. Watu ni walewale kwa sehemu kubwa, ofisi ni zilezile, ila dai limebadilika. TAA iliomba serikali itende. TANU ikataka kuwa serikali. Wakoloni waliiona tofauti hiyo upesi, ndiyo maana watumishi wa serikali walizuiwa kujiunga. Na uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, ulipofika Septemba 1958, jimbo la Tanga likiwa katika awamu ya kwanza, TANU ilifanya kile ambacho TAA haikuwahi kukifanya: ikaweka wagombea.

Vyama vya wafanyakazi vilikuwa pembeni, vikiungana mwaka 1955 chini ya shirikisho lao, TFL, katibu wake akiwa Rashidi Kawawa. Vilisaidiana na TANU bila kuwa TANU. Baada ya uhuru urafiki ukawa mgumu, kwani mwajiri mkubwa sasa alikuwa ndugu wa jana. Kawawa mwenyewe alikuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi, ambacho katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais na alikuwa pia Waziri wa Kazi. Fikiria hilo kwa manamba wa Korogwe: anayekwenda kukudai mshahara ndiye anayekaa na serikali mezani. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Vyama vikuu vya ushirika vikafutwa 1976. CCM ilipozaliwa 5 Februari 1977 ikawa na jumuiya zake tano: wanawake, vijana, wazazi, wafanyakazi na washirika. Mvuvi, mwalimu na mkulima wote walisemewa kutoka ndani ya nyumba moja.

Mtu aliyekulia humo, akamwona katibu wa wafanyakazi na katibu wa chama wakishuka gari moja, hana sababu ya kuwatofautisha. Nyuzi zilianza kufumuliwa 1991 na 1992, wafanyakazi na washirika wakatoka kwenye jumuiya za chama na mfumo wa vyama vingi ukarudi tarehe 1 Julai 1992. Ni zaidi ya miaka 30 sasa, lakini mazoea hayafumuki kwa tangazo la serikali.

Sasa ugumu wenyewe. Mpaka huu una sehemu zenye tope, na ndizo zinazofaa kuchunguzwa.

Sheria ya 1992 inakieleza chama cha siasa kuwa kundi lililoundwa kwa lengo la kuunda serikali au mamlaka ya mtaa kwa njia ya uchaguzi, au kusimamisha wagombea, au kuwaunga mkono. Tazama hilo la mwisho. Ushirika wa wavuvi ukitoa mashua na mafuta kumfanyia kampeni diwani fulani, tayari umekanyaga ukingo wa tafsiri hiyo. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, lilionja ukali wake. Liliundwa katikati ya miaka ya 1990, mwenyekiti wake akiwa Anna Tibaijuka, likawafundisha wanawake kupima wagombea na kudai haki za ardhi na mirathi. Serikali ikalituhumu kwamba linaendeshwa kama chama cha siasa, na 1997 likafutwa. Ilipofika 2009 Mahakama Kuu ikaona kufutwa kule hakukuwa halali, lakini baraza lilikuwa limekwishapoteza uhai wake. Kwa kipimo cha kiti, kesi ile haikuwa ngumu. BAWATA haikuwa na mgombea. Kumfundisha mpiga kura maswali ya kuuliza ni shinikizo la kawaida kabisa, hata kama linamkera anayeulizwa.

BMU nayo ina tope lake, ingawa la aina nyingine. Imeundwa chini ya kanuni za uvuvi, wanachama wake ni wavuvi wenyewe, inafanya doria na kuandikisha vyombo na samaki. Kwa hiyo inaisemea jamii huku ikibeba sehemu ya kazi ya serikali. Ikiandika barua ya kulalamikia ushuru ambao huenda inasaidia kuukusanya, usitegemee ukali.

Njia za vikundi nazo zinaonyesha mpaka ulipo kwa kuangalia zinapoishia. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alishinda Mahakama Kuu dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana wa miaka 15 aolewe. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita na sheria ikabaki ilivyo. Aliyeshinda hoja hakuwa na kalamu. Hapa kwetu, bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 linaishia Chongoleani, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Mashirika manne ya kiraia ya ukanda huu yalifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020 kupinga mradi. Novemba 2023 likatupwa kwa kuchelewa kufunguliwa. Uyapende au uyachukie, hayakuwa yanataka kuitawala Tanga. Yalitaka uamuzi mmoja ubatilishwe.

Wapo wanaovuka mpaka kwa miguu yao. Kenya, FORD ilianza 1991 kama kundi la kudai vyama vingi, kwa kuwa chama kingine kisheria hakikuwezekana, na marufuku ilipoondolewa Desemba mwaka huohuo ikawa chama. Zambia, Frederick Chiluba alitoka kwenye uongozi wa wafanyakazi hadi Ikulu kwa mgongo wa chama cha MMD. Hapa kwetu NCCR-Mageuzi ilianza kama kamati ya kudai mageuzi ya katiba. Uingereza, chama cha Labour kilizaliwa 1900 vyama vya wafanyakazi vilipochoka kuomba wabunge wa wengine wawasemee. Kuvuka kuna bei. Siku unapoomba kura, mtu wa Pongwe asiye na haja na hoja yako ya jana ana haki ya kukuuliza kuhusu maji yake.

Bunge Maalum la Katiba la 2014 liliwaweka wote ukumbi mmoja. Katika wajumbe 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi mbalimbali, vyama vya siasa vilipata 42, mashirika yasiyo ya kiserikali 20, dini 20, wafanyakazi 19, wafugaji 10, wavuvi 10. Kwenye karatasi, mvuvi mmoja na mwanasiasa mmoja walikuwa sawa. Lakini ukumbini walikuwamo pia wabunge wote na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, watu waliozoea kupiga kura kwa chama, na baada ya wiki chache mjadala ulikuwa umegawanyika kwa mistari ya vyama: Muungano wa serikali mbili au tatu. Aprili 16 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Wakati huo UKAWA ulikuwa umoja wa kudai jambo, rasimu ya katiba iheshimiwe. Mwaka uliofuata ukawa umoja wa kugombea, ila kwa kuwa haukuwa chama, jina lake halikuonekana kwenye karatasi ya kura. Edward Lowassa alisimama kwa tiketi ya CHADEMA.

Na CHADEMA yenyewe ikaja kutupa mtihani mgumu kuliko yote. Mwaka 2025 ilisema bila mabadiliko hakuna uchaguzi, Aprili haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na Tume ya Uchaguzi ikasema chama hicho hakitashiriki. Kwa miezi ile chama chenye usajili wa kudumu kilikuwa na dai moja na hakikuwa na mgombea hata mmoja, yaani sura yote ya kikundi cha shinikizo. Je, kilikuwa kimekoma kuwa chama? Kwa kipimo nilichokitumia hapa, hapana, kwa sababu kilichodaiwa yalikuwa masharti ya kuingia ulingoni, na nia ya kuingia haikuachwa. Kingetangaza kwamba hakitaki tena kiti chochote na kazi yake sasa ni kudai katiba mpya basi, ingekuwa halali kabisa kufanya hivyo, lakini kwa msajili mwingine.